Nimekuwa Mjerumani. Je, damu ya Maji Maji nayo ni yangu?

Shikamoo Mama,

Mimi ni muuguzi katika nyumba ya kulelea wazee mjini Leipzig, na kwetu ni Songea. Nilikuja Ujerumani kabla mwanangu hajazaliwa, na sasa ana miaka 15. Mwaka jana nilichukua uraia wa huku, na tangu siku hiyo nyumba yangu haina utulivu wa mawazo.

Huku, kabla hujapewa uraia, unatia saini kwamba unatambua wajibu wa pekee wa kihistoria wa Ujerumani kutokana na udhalimu wa utawala wa Wanazi na matokeo yake, hasa wajibu wa kulinda maisha ya Wayahudi. Ni sheria iliyoanza Juni 2024. Sikuwa na ubishi nayo. Ila kalamu ilipokuwa mkononi nilijiuliza natia saini nikiwa nani. Katika ukoo wetu lipo jina la mzee aliyenyongwa na Wajerumani pale Songea mwaka 1906. Karatasi haikuniuliza habari zake.

Nilipompigia mjomba kumwambia kwamba Februari nitakuja na mtoto kwa ajili ya kumbukumbu ya mashujaa wa Maji Maji, tarehe 27, alinyamaza kidogo kisha akauliza, "Na utakaa upande gani, wa wafiwa au wa balozi?" Akacheka. Lakini mjomba wangu hacheki bure. Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo binamu zangu wamepata la kutania, maana fuvu la kiongozi wetu wa Maji Maji inasemekana lilipelekwa Ujerumani: "Mjerumani, lete fuvu la Nduna Songea." "Mjerumani, fidia yetu imefikia wapi?" Najibu kwa vikatuni vya kucheka, lakini moyoni sicheki.

Mwanangu naye darasa lao lilipelekwa Buchenwald, iliyokuwa kambi ya mateso ya Wanazi. Njiani wakirudi, kijana mmoja akasema amechoka kusikitikia mambo ya babu wa babu yake. Mwanangu akamjibu, "Mimi ndiyo kabisa hayanihusu, sisi wenyewe mlituchinja." Basi lote likawa kimya, na mwalimu hakujua aseme nini. Jioni akaniuliza kama alikosea. Sikuwa na jibu, nikamwambia ale kwanza.

Kubwa zaidi ni hili. Mwenzangu wa zamu ana ndugu Gaza, wengine wameshakufa. Siku moja tukibadilisha shuka za mgonjwa aliniambia, wala si kwa hasira: "Mimi na wewe tunakatwa kodi kila mwezi, na nchi hii inauza silaha Israeli. Tofauti yetu ni moja, wewe sasa una kura. Mimi bado nasubiri karatasi." Nilimaliza zamu kama mgonjwa.

Naomba unijibu, Mama, na usinibembeleze. Mtu wa kawaida kama mimi, ninayeosha wazee na kulipa bili, nabeba kiasi gani cha damu inayomwagwa na dola ninayoitwa raia wake? Mwanangu nimwambieje? Na mjomba?

Mngoni wa Leipzig

*

Marahaba mwanangu.

Mjomba mwache asubiri kidogo, ni mzee na amezoea kusubiri. Nataka kwanza nikupeleke kwa watu waliokaa Leipzig kabla yako, wakati babu yenu akipandishwa kitanzini. Swali lako waliulizwa wao kabla yako, tena kwa karatasi ya kura.

Unajua habari za nyumbani: Julai 1905 Wamatumbi waling'oa pamba waliyolazimishwa kulima, Kinjikitile, mganga wa vita vya Maji Maji, akanyongwa mwezi uliofuata, na moto ukaendelea bila yeye hadi ukafika Ungoni. Risasi ziliposhindwa kumaliza vita, Wajerumani wakaikabidhi njaa kazi hiyo. Mashamba yakachomwa, ghala zikachomwa, mbegu zikachukuliwa. Ofisa mmoja, Kapteni Wangenheim, aliandika bila kuficha kwamba ni njaa na dhiki tu zitakazoleta utii wa mwisho. Makadirio ya waliokufa yanaanzia 75,000 na kufika 300,000, na wengi wao hawakumwona Mjerumani hata mmoja wakati wanakufa. Kusini Magharibi mwa Afrika, Namibia ya leo, vita vya kuwaangamiza Waherero na Wanama vilikuwa vinaendelea tangu 1904.

Sasa, mtu wa kawaida wa Leipzig alijua? Alijua ya kumtosha. Kashfa za makoloni zilikuwa zinasomwa magazetini. Bungeni Berlin, August Bebel wa chama cha wasoshalisti alizipinga vita hizo, na Matthias Erzberger wa chama cha Wakatoliki alianika uchafu wa watawala wa makoloni hadharani. Desemba 1906 serikali ikaomba nyongeza ya marki milioni 29 kwa ajili ya vita vya Kusini Magharibi, Bunge likakataa, serikali ikalivunja Bunge. Januari 25, 1907, wanaume wa Kijerumani waliofikisha miaka 25 wakaenda kupiga kura katika uchaguzi ambao kampeni yake ilikuwa makoloni.

Waliosema "acheni" walipigwa. Wasoshalisti walikuwa wameshinda viti 81 mwaka 1903. Wakabaki na 43. Jimbo lako la Saksonia, lililokuwa ngome yao yenye viti 22 kati ya 23, likawaachia 8. Sisemi kwamba kila aliyebadili kura aliipigia njaa ya Songea. Wengine waliwaogopa wasoshalisti kuliko shetani, wengine walikuwa na hesabu zao za mkate na kodi. Lakini kura ilikuwa ya siri, hakuna askari aliyesimama nyuma ya mtu, na jambo lenyewe liliwekwa mezani likajadiliwa kwa wiki kadhaa. Mwenye duka wa Leipzig aliyelijua jambo hilo na akaipigia serikali, mimi simwiti muuaji. Ila siwezi kumwambia kwamba hayakumhusu. Fundi chuma wa mtaa wa pili aliyeipinga alikuwa chini ya bendera ileile, alilipa kodi ileile, na uzito wake si sawa na wa jirani yake. Na mke wa fundi chuma? Huyo kura hakuwa nayo hadi baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kumtwisha mzigo uleule kwa sababu tu ni Mjerumani ni uvivu wa kufikiri.

Sasa panda kile kilima alikopelekwa mwanao. Buchenwald ilikombolewa Aprili 11, 1945. Siku tano baadaye Wamarekani wakawatembeza kwa miguu wakazi wapatao 1,000 wa mji wa Weimar hadi kambini, wakawaonyesha maiti. Wengi walisema hawakujua. Hilo gumu kulimeza: wafungwa walikuwa wakipitishwa mjini, na hadi mwaka 1940, kabla kambi haijawa na tanuri lake, maiti zake zilichomwa kwenye tanuri la manispaa ya Weimar. Hata hivyo, ukiniuliza mwenye nyumba wa Weimar mwaka 1940 angefanya nini, nitasita. Aliyesema kwa sauti alipandishwa kilima kilekile. Ukimya wake ulikuwa wa hofu, na hofu ile ilikuwa na sababu.

Kwa hiyo ninayemkalia kooni ni mtu wa 1930. Mwaka ule, katika jimbo hilohilo la Thuringia, Wanazi waliingia kwa mara ya kwanza katika serikali ya jimbo, kwa njia halali, kwa kura za watu waliokuwa bado na magazeti huru na vyama vya kila rangi. Kusema "hapana" mwaka 1930 kulikuwa kunagharimu jioni moja ya mkutano, pengine ugomvi na shemeji. Miaka kumi baadaye neno lilelile liligharimu shingo.

Hapo ndipo ninapopimia, mwanangu: kusema kungekugharimu nini? Uraia hautoshi kunipa jibu, wala damu, wala kodi. Ukimya ambao kuuvunja kungekugharimu maisha, nani wa kukuhukumu? Ukimya ambao kuuvunja kungekugharimu nusu saa, huo ni wako, na utaulizwa.

Nimeitaja damu makusudi. Tunayo methali ya samaki mmoja akioza. Inamfaa muuza samaki. Kwa watu ni sumu, na ndiyo mantiki iliyochoma vijiji vya kusini: vijana wa kijiji wameng'oa pamba, basi kijiji kizima kina hatia, hata bibi kizee, hata mtoto wa mgongoni. Huwezi kuwalilia waliouawa kwa hesabu ile kisha ukaichukua hesabu ileile kuwahukumu wazee unaowaosha. Wengi wao walikuwa watoto mwaka 1945. Waoshe kwa amani.

Lakini kijana wa kwenye basi, yule aliyechoka kusikitika, asinielewe vibaya akadhani nimemfungulia mlango atoke. Hatia aliyonayo mtenda haihami. Deni linahama. Anayerithi shamba hurithi na rehani iliyo juu ya shamba, awe alikuwepo au hakuwepo wakati babu anakopa. Ujerumani yenyewe inalijua hili vizuri kuliko sisi. Mahakama yao ya Katiba ilitamka mwaka 1973 kwamba Jamhuri ya Shirikisho si dola jipya bali ni dola lilelile lililokuwepo. Na Oktoba 3, 2010 walimaliza kulipa hati za mwisho za mikopo iliyotokana na fidia ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 2010! Fundi bomba aliyezaliwa 1985 alikuwa anakatwa kodi kulipia vita vilivyokwisha 1918, na sikusikia mtu akisema hilo ni uonevu kwa sababu hakuwepo.

Miaka ya 1960 Ujerumani Magharibi iliwalipa pia wazee wa Tanganyika waliokuwa askari wa Wajerumani katika vita vya 1914 hadi 1918, mishahara yao iliyokuwa haijalipwa. Linanikera hilo hadi leo, siyo kwa sababu walilipwa, jasho lao walilitoa, bali kwa sababu daftari lilipofunguliwa lilifunguliwa ukurasa mmoja tu. Aliyebeba bunduki kwa niaba yao akaonekana anadai. Aliyechomewa ghala hakuonekana. Kwa Namibia, mwaka 2021 wakakubali kutoa euro bilioni 1.1 kwa miaka 30, lakini wakakwepa kuiita fidia. Kwetu, Rais Steinmeier alisimama Songea Novemba 1, 2023 akaomba msamaha kwa niaba ya nchi yake na kuahidi kusaidia kulitafuta fuvu la Nduna Songea Mbano. Alisema maneno ya heshima na nilimwamini. Dawa ya deni ni kulipa.

Kwa hiyo mwanao. Mwambie hakukosea kusema "mlituchinja", ila alikosea kusema hayamhusu. Ni mjukuu wa waliodai na ni raia wa dola linalodaiwa, yote mawili kwa pamoja, na hakuna anayemlazimisha achague. Katika basi zima pengine ndiye peke yake mwenye daftari pande zote mbili. Asiutumie msiba wa Songea kama likizo ya kutowafikiria waliokufa Buchenwald. Na asikubali shule imfundishe Buchenwald kana kwamba kabla ya 1933 nchi ile ilikuwa inapanda maua. Mpeleke makumbusho ya Grassi hapo Leipzig, kuna vitu vilivyotoka Tanganyika ya Wajerumani, muulize kila kimoja kilifikaje. Msimulie Hans Meyer, mchapishaji wa mji wenu huohuo, aliyepanda Kilimanjaro mwaka 1889 na kukibatiza kilele kwa jina la mfalme wake. Usimhutubie sana. Miaka 15 hawasikilizi hotuba, hata zikiwa nzuri.

Sasa mwenzako wa zamu. Hili ndilo lililokunyima usingizi, na afadhali, maana yale mengine ni ya marehemu.

Kodi uiondoe kwanza. Inakatwa kabla mshahara haujakufikia, na sheria haikupi nafasi ya kuizuia. Katiba yao, kifungu cha 4, inampa mtu haki ya kukataa kubeba silaha kwa sababu ya dhamiri. Haki ya kukataa kulipa kodi kwa sababu hiyo haimo. Tena kodi hiyohiyo inasomesha mwanao. Alama ya makato kwenye karatasi ya mshahara haiwezi kuwa hatia, vinginevyo mwenzako mwenye ndugu Gaza naye atakuwa amewaua ndugu zake. Unaona inapotufikisha.

Kura na mdomo ni habari nyingine. Baada ya Marekani, hakuna nchi iliyoiuzia Israeli silaha kubwa kama Ujerumani. Hamas waliua watu wapatao 1,200 Oktoba 7, 2023, na hilo lisipindishwe na mtu. Kilichofuata Gaza kimeua makumi ya maelfu, na watoto wamo kwa maelfu. Agosti 2025 Kansela Merz alisimamisha vibali vya silaha zinazoweza kutumika Gaza, na Novemba mwaka huohuo serikali yake ikaondoa zuio hilo. Nakutajia tarehe hizi kwa sababu zinaonyesha kwamba vibali vile havitoki mbinguni. Vinatolewa na ofisi, na ofisi ile husikiliza kelele, ilivyosikiliza kwanza kelele za upande mmoja kisha za mwingine. Hata mwaka 1907, pamoja na ushindi wao, kashfa zile za bungeni ziliwalazimisha kubadili namna ya kutawala. Gavana Rechenberg aliyefuata Afrika Mashariki aliwabana walowezi hadi wakamchukia. Waliopiga kelele walishindwa uchaguzi na bado kelele zao zilifanya kazi. Wafu wa Ungoni hawakufufuka, hilo najua.

Wapo watakaokuambia kwamba karatasi uliyotia saini inakufunga mdomo. Isome hadi mwisho. Baada ya maneno ya kulinda maisha ya Wayahudi inataja pia mataifa kuishi pamoja kwa amani na marufuku ya kuanzisha vita vya uchokozi. Kumlinda Myahudi wa Leipzig anayeogopa kwenda sinagogi na kumsemea mtoto wa Khan Younis, Gaza, si kazi mbili zinazopingana; ni watu wanaotaka kukurahisishia maisha ndio wanaosema uchague. Sikutumi ukachome matairi. Mbunge wa eneo lako ana siku za kuonana na wananchi, nenda. Kifungu cha 17 cha Katiba kinakupa haki ya kupeleka ombi bungeni kwa maandishi, andika. Ukienda kwenye maandamano, angalia nani mwenye kipaza sauti, na akianza kuwatukana Wayahudi ondoka.

Na uende ukijua kwamba mwenzako alikuambia jambo la busara kuliko alivyojua. Yeye anasubiri karatasi. Akikamatwa kwenye maandamano, hata kwa makosa ya polisi, faili lake linaweza kukwama. Wewe likikupata hilo utarudi nyumbani ukalale. Sentensi ileile inamgharimu yeye zaidi yako. Basi iseme wewe. Huwezi kumsaidia kwa kuugua baada ya zamu. Huko ni kuusikitikia moyo wako.

Haya, mjomba.

Mjomba ameuliza upande gani, na mimi najibu kwa heshima zote za kwao kwamba upande ule hauko safi kama anavyoupanga. Waliokwenda Ungoni na bunduki mwaka 1905 na 1906 wengi walikuwa Waafrika: askari kutoka Sudani, Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema, pamoja na rugaruga, wapiganaji waliokodiwa njiani. Wajukuu wao ni Watanzania, wengine wamekaa jirani na mjomba na wanakuja msibani. Na kabla ya Wajerumani, Wangoni wenyewe walifika wakiwa na mikuki, wakateka, wakawameza Wandendeule na wengine ndani ya himaya zao. Usimwambie hivyo kwenye simu, atakata. Mwambie ana kwa ana, baada ya chakula, na uanze na utani.

Liko la karibu zaidi. Mjomba naye ni raia wa dola. Januari 26 na 27, mwaka 2001, polisi waliwafyatulia risasi waandamanaji Unguja na Pemba. Zaidi ya watu 30 wakafa, na zaidi ya 2,000 wakavuka bahari hadi Shimoni, Kenya, wakawa wakimbizi. Huku Bara maisha yaliendelea, ligi ilichezwa, sokoni kulijaa. Na kuanzia Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku, na watu wakauawa kwa risasi, idadi yao ikibishaniwa hadi leo. Mjomba alisema nini? Sijui, na sitaki umwulize kwa kumsuta. Songea, kwa mzee mwenye shamba na wajukuu wanaotafuta kazi serikalini, neno moja linaweza kugharimu vingi. Mimi mwenyewe ninayeandika haya sitii jina langu chini, na mhariri wangu anajua sababu.

Lakini wewe je? Unao upenyo ambao mjomba hana. Uraia wa Tanzania umeupoteza, sheria haikuruhusu kubaki na miwili, na watu wanakuona umejiondoa. Mimi naona kinyume. Ukiwa Leipzig unaweza kumwuliza mbunge wako wa Kijerumani kwa nini nchi yake inashirikiana kimyakimya na vyombo vya dola popote vinapoua, Songea au Gaza, na jioni ukapika ugali wako salama. Waliouawa 1906 wanakupa haki ya kusema. Waliouawa juzi wanakupa sababu.

Tarehe 27 Februari kaa na wafiwa. Wewe ni mfiwa. Pasipoti haifukui kaburi. Mtoto akae karibu na mjomba, siyo karibu na simu yake. Ila usiende mikono mitupu. Binamu wamekutuma fuvu kwa utani, wewe lichukue kama agizo. Kabla hujasafiri, mwandikie mbunge wako, Kijerumani chako cha kazini kinatosha, umwulize mambo mawili: utafutaji wa fuvu la Nduna Songea, ulioahidiwa na Rais wake mwaka 2023, umefikia wapi, na nani analipia utafiti huo kwenye makumbusho. Wewe ni mpigakura wake, atakujibu, hata kwa barua ya kukuzungusha. Ichape, uitafsiri, umpe mjomba aisome mbele ya ukoo. Kama jibu ni la ovyo, mtakuwa na la kuandika tena, safari hii kwa majina mengi chini.

Na viza. Sasa unaingia kwenu kwa pasipoti ya Kijerumani, kwa hiyo lipia mapema mtandaoni, dola 50 kila mmoja, wewe na mtoto, na ulizia ubalozi wetu Berlin kuhusu hadhi maalumu ya diaspora kama unaweza kuipata kabla ya Februari.